Sabuni Iliyotaka Kimya

Miaka ile ya tisini, ukikutana na mtu wa Mpanda kavaa shati jeupe ambalo ni jeupe kweli, ulikuwa unajua kafulia sabuni yangu. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Waulize akina mama waliokuwa wanauza dagaa soko la Kashaulili enzi hizo, watakuambia: ile ya mistari ya buluu. Jina haikuwa nalo. Wenzangu waligonga mihuri kwenye sabuni zao, simba, nyota, sijui nini. Yangu ilikuwa na sura yake tayari, muhuri wa nini?

Mimi nimeishia darasa la nne, kule Kabungu. Kusoma najua, kuandika ndiyo haya mnayoyaona. Kupika sabuni sikufundishwa na mtu. Niliwaona wanawake wa ziwani wakichemsha mawese na maji ya majivu, wanapata sabuni nyeusi, laini kama ugali uliolala. Nikasema mimi nitapika ya mche, ngumu, ya kukata kwa waya. Nikatafuta kostiki, ile magadi kali inayounguza ngozi, nikakata pipa katikati, nikaunguza nyusi zote mbili, nikajua.

Mafuta ya mawese yalitoka Karema, ziwani. Mke wangu ni mtu wa huko, kwao michikichi inaanzia uani, na mama mkwe alikuwa anayatuma kwa lori yakiwa mekundu kama udongo wa barabara. Mekundu hivyo hayafai kwa sabuni ya mashati. Niliyachoma kwanza mpaka wekundu ukaondoka yakabaki rangi ya samli, ndipo nikatia kostiki, kisha maji ya chumvi, na mwisho kabisa buluu, ile ile ya kung'arishia nguo za shule.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Ukiikoroga buluu ukaendelea kukoroga, sabuni yote inakuwa rangi ya mbingu, na hilo hata mlevi anaweza. Lakini ukiimimina kwenye sanduku la mbao ikiwa moto, ukaifunika magunia ikapoa polepole, kuna jambo linatokea humo ndani ambalo mkono wa mtu hauliwezi. Sabuni ya moto ina tabia mbili. Kuna sehemu inataka kukaza, kuna sehemu inataka kubaki majimaji. Hazipendani. Zingekuwa huru, moja ingekaa juu na nyingine chini, basi. Lakini zimeshikana, haziwezi kuachana zikaenda mbali, kwa hiyo zinasukumana humo humo mpaka kila moja inapata pake: hii hapa, ile pale, hii tena. Buluu inaifuata ile ya majimaji. Ukifunua unakuta mishipa imetapakaa kama mishipa ya mkono wa mzee.

Na mishipa ile haikubali hila. Mpishi akitia maji mengi ili mche uwe mzito, buluu yote inazama chini na mishipa haitokei. Wateja walilijua hilo. Walikuwa wanaivunja sabuni mbele yangu, wanachungulia ndani, wanasema haya, fungasha.

Hiyo mishipa wengine pia waliipata. Mistari niliipata mimi peke yangu.

Ilikuwa hivi. Sanduku langu la kumiminia, sisi tuliliita foma, lilioza chini. Nikanunua mbao za mninga kwa wapasua mbao, na fundi wa kupiga randa alikuwa kasafiri. Nikasema potelea mbali, nikaligonga foma na mbao zikiwa hivyo hivyo, na meno ya msumeno yameacha alama zilizonyooka ubao mzima. Nikamimina, nikafunika. Nilipofunua nikageuza sabuni juu chini, mishipa ya upande wa chini ilikuwa haijatapakaa tena. Ilikuwa imesimama safu, inafuata alama za msumeno.

Mtu mwingine angesema bahati, akaikata, akaenda kuuza. Mimi nilichukua patasi.

Nilichimba michirizi kwenye ubao, midogo, ya kupitisha ukucha. Mara ya kwanza niliichimba karibu karibu, nikifikiri nitapata mistari mingi. Sabuni ikakataa. Ikajifunga mafundo, mstari unaanza unakatika, mwingine unapasuka uma. Nikachimba mbali mbali, ikafuata pembeni na katikati ikafanya inavyotaka. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kuelewa kwamba sabuni ina hatua yake. Kuna umbali inaoupenda yenyewe kati ya mstari na mstari, na mimi kazi yangu ni kuujua umbali huo na kuchimba palepale ambapo yenyewe ingeweka. Nikiipatia, inatii. Nikikosea kidogo, inavuruga.

Halafu nikagundua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natabasamu. Si lazima kuchimba kila mstari. Ukichimba mmoja, ukaruka nafasi ya miwili, ukachimba mwingine, sabuni inaijaza ile uliyoiruka yenyewe, imenyooka kama uliyoichimba. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni.

"Njoo uone."

Akaja na unga mikononi. "Nione nini?"

"Huu nimechimba. Hii miwili sijachimba. Huu nimechimba."

Akainama, akaangalia sana. "Kwa hiyo hii imejichimbia?"

"Imejipanga."

"Haya, hongera," akasema. "Na wewe ungejipanga hivyo ukaja kula kikiwa cha moto."

Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke wa watu, wa kwaya, ukikaa naye dakika mbili unajikuta unamweleza habari za shemeji zako. Katika nyumba yetu ya Kashaulili hapakupita siku bila mgeni, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kitu mdomoni. Mimi sikuzaliwa na hayo. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa na foma langu, nisikilize kama linapoa vizuri.

Sabuni ile ilimleta kwangu mwalimu wa kemia wa sekondari, kijana wa mbali, bado hajaoa, alikuwa analalamika kwamba Mpanda magazeti yanafika yamezeeka. Alinunua mche mmoja sokoni, kesho yake akaja nao mpaka nyumbani.

"Kaka, hii nani kakuchorea?"

"Hakuna aliyechora, mwalimu. Nimeichimbia njia, ikapita."

Akakaa mpaka chakula kikaiva. Akanieleza kwamba kuna jarida alitumiwa na rafiki yake wa chuoni, na humo kaona wataalamu wa nje wanahangaika na kitu kama hiki hiki, ila wao hawatumii sabuni. Wanatumia nyuzi za plastiki, ndogo kuliko unavyoweza kufikiri. Kila uzi una nusu mbili za asili tofauti, nusu hii haitaki kukaa na nusu ile, lakini zimeunganishwa haziachani. Wanaupaka utandu wake juu ya kigae, wanaupasha moto, na zile nusu zinatafutana na kukimbiana mpaka zinajipanga mistari. Zikiachwa tu, mistari inajizungusha ovyo kama alama za kidole gumba. Wakizichimbia mfereji kwanza, au wakiziwekea alama za kuzielekeza, zinanyooka.

"Wanaitaka ya nini?" nikamuuliza.

"Kwa ajili ya vile vipande vya ndani ya kompyuta. Wanataka mistari myembamba ambayo kalamu haiwezi kuichora. Unywele wako mbele ya mstari huo ni gogo la mninga."

"Na wao wanaruka nafasi?"

Akacheka. "Hilo sijui, kaka. Mimi nimesoma kurasa mbili tu."

Mke wangu alikuwa anagawa ugali. Akasema, "Mwalimu, hebu rudia hapo. Wawili hawapatani, wamefungwa pamoja hawawezi kuachana, wanapashwa moto mpaka wanatulia?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hiyo ni ndoa? Wamekwenda mpaka Ulaya kusomea ndoa!"

Tulicheka mpaka mwalimu akapaliwa. Na mimi siku ile nilijiona mkubwa, sifichi. Mtu wa darasa la nne, nyusi zimeungua, na kazi yangu na ya wale wa nje ni moja. Tofauti ni unene wa mstari.

Kuanzia hapo nilitaka mche ambao hauna kosa hata moja kutoka kichwa mpaka mkia. Nikatengeneza foma refu kuliko yote, nikalizungushia mapipa ya maji ya moto ili upoaji uwe wa taratibu kabisa, maana ukiharakisha, sabuni inaganda kabla haijamaliza kujipanga. Na hapo ndipo nikaona kosa lilikuwa linatoka wapi. Upande wa foma ulioelekea jikoni ulikuwa na mistari iliyopinda. Kila mara upande huo huo. Nikakaa nikasikiliza. Tu, tu, tu. Kinu. Mke wangu alikuwa anatwanga kisamvu, ardhi inatetemeka, sabuni inayumba ikiwa bado haijakaza.

Nikamwomba akatwange kwa jirani. Akakubali. Halafu nikaona hata miguu ya wageni inatosha, hata watoto wa mtaa wakiruka kamba. Nikauza nyumba ya Kashaulili, nikajenga nje ya mji, njia ya Karema, mahali ambapo jirani wa karibu ukimwita hakusikii. Nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma, bati jipya. Niliijenga mwenyewe kwa sabuni. Nilimwonyesha mke wangu kila chumba.

Akasimama mlangoni, akatazama nje. Miombo tu. "Nani atapita hapa?" akauliza.

"Hakuna."

"Ndiyo naona."

Nilitaka vyote viwili, mistari iliyonyooka na mke wangu ndani ya nyumba. Na nilikuwa na hakika kwamba mtu kama mimi anapata vyote.

Nyie mliokulia Ukatoliki mnaijua jumuiya. Kila wiki familia za mtaa zinakutana kwenye nyumba ya mmoja wao, zinasali, zinaimba, zinakunywa chai, wiki ijayo nyumba nyingine. Kupokea jumuiya ni heshima, na mwanamke ambaye zamu yake inarukwa watu wanaanza kujiuliza kwake kuna nini. Mke wangu alibaki kwenye jumuiya ya Kashaulili, na zamu yake ilipofika, foma lilikuwa linapoa. Nikamwambia waisogeze mbele. Wakaisogeza. Ilipofika tena, foma linapoa tena, maana siku hizo nilikuwa sipumziki, nikifunua nauza, nikimaliza namimina. Wakaisogeza.

Mara ya tatu hakuniuliza. Aliniambia tu, akiwa anapepeta mchele.

"Alhamisi jumuiya iko hapa."

"Nimemimina jana, mama watoto."

"Najua. Nimekuona. Mimi sijui kukaa kimya hivi, baba watoto. Nimejaribu. Kama watu hawawezi kuja kwangu, nitakwenda waliko watu. Nakuambia mapema usije ukasema hukusikia."

Nilimwelewa. Watoto walikuwa wawili, wote wa kike, wakati huo wako kwa bibi yao Karema wanasoma shule ya huko. Akienda yeye, nyumba inabaki na mimi na mapipa. Kwa hiyo nikasema waje. Ila nikasema nitazungumza nao.

Wakaja mchana, akina mama kumi na kitu na wazee wawili, wametembea jua lote kutoka mjini, na kayamba na ngoma ndogo. Niliwawahi nje. Mbele alikuwa kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kanisa zima.

"Hodi hapa! Leo tumeipata nyumba ya tajiri!"

"Karibuni, mama. Karibuni sana. Ila naomba tuingie taratibu."

Akashusha sauti papo hapo, uso ukabadilika. "Maskini. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Kuna sabuni."

"Kuna nini?"

"Sabuni. Inapoa. Haitaki mtikisiko."

Akanitazama, akawatazama wenzake. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi. "Jamani," akawaambia, "vueni ndala. Sabuni imelala."

Wakaingia wote kwa kunyata, mikono midomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wakakaa kwenye mikeka kama watu waliokuja kumwangalia mzazi. Rozari wakaisali kwa kunong'ona. Wimbo wakauimba kwa pua. Walipofika kwenye maombi, kila mtu anaomba lake, huyu mvua, huyu mtoto wake aliyeko Tabora. Ikafika kwa bibi mmoja mfupi wa pembeni, akafumba macho, akasema kwa unyenyekevu wote:

"Tuiombee na sabuni ya ndugu yetu, ili iamke salama na mistari yake yote."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia, na hapo hakuna aliyejizuia. Walicheka mpaka wakalala kwenye mikeka. Mmoja aligonga sakafu kwa kiganja nikaruka. Mke wangu alicheka pia. Alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, na alipoyafuta niliona yanaendelea kutoka.

Wakanywa chai, wakaaga kwa kunong'ona, wakaenda. Tulipowasikia mbali njiani wameanza kuimba kwa sauti zao zote, na ngoma, yeye alisimama uani akawasikiliza mpaka sauti zikaisha.

Foma lilipokuwa tayari nilifunua, nikageuza sabuni. Ndugu zangu, sijapata kuona kitu kile tena. Mistari kutoka kichwa mpaka mkia, hakuna uma, hakuna fundo, hakuna iliyokatika, kama nyuzi za kitambaa kipya. Nikamwita. Akaja, akapitisha kidole juu yake kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Nzuri kweli. Wewe ni fundi, hilo halina ubishi."

"Sasa umeona kwa nini."

"Nimeona." Kisha akasema, "Lori la mafuta linarudi kesho. Nitakwenda nalo. Sijakuacha, usije ukawaambia watu nimekuacha. Mama kachoka, mimi nitashika kazi ya mawese, nitakuwa nakutumia. Utapata mafuta mazuri kuliko uliyokuwa unapata."

Nilidhani atakaa msimu mmoja. Na kweli mafuta yalikuja mazuri, safi, hayana takataka. Kila pipa lilikuja na kitu juu yake: samaki waliokaushwa, embe, mara nyingine kanzu aliyonishonea. Nami nilimrudishia sabuni, ile bora. Nilikula kwa mama ntilie mjini, narudi kwangu jua likiwa bado juu, nafungua mlango, na kimya nilichokijenga kinanipokea. Mwalimu wa kemia alikuwa kahamishiwa Iringa. Sabuni ikawa nzuri kila foma. Wenye maduka walikuja mpaka kutoka Sumbawanga. Waliniita mzee na umri sina, wakapakia, wakaondoka.

Nilikwenda Karema baada ya mavuno. Nilifika mchana, nimevaa vizuri, nikakuta nyumba imejaa. Wanawake wanakamua mawese, watu wa mitumbwi wamekuja kununua, binti zangu wanatwanga kinu kimoja kwa zamu na kuimba. Wakanikimbilia. Mke wangu alikuwa kanenepa, kapendeza. Akanipa kiti cha mgeni, kile chenye mgongo, akanipa maji ya kunawa, akawaambia watu, "Huyu ndiye mwenye sabuni ya mistari." Wakanisifu. Niliwaeleza habari za michirizi, hatua, nafasi za kuruka, na wale wa nje na nyuzi zao. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea na habari za bei ya dagaa.

Nilikaa siku chache. Nilikuwa nalala na kelele zile na usingizi unakuja, jambo ambalo sikulitegemea. Asubuhi moja nikaanza kufunga mfuko.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nimeacha foma limefunikwa."

Akakaa kitandani, kando ya mfuko. Hakuwa na hasira. "Baba watoto, si umesema ukishaifunika inajipanga yenyewe?"

"Inajipanga."

"Haitaki kukorogwa."

"Haitaki."

"Haitaki kuguswa, haitaki mtu karibu, haitaki hata mtu apite nje."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unakwenda kufanya nini?"

Nimejibu watu wengi maishani. Nimewajibu maofisa, matajiri, mpaka mtu wa viwango aliyekuja na mizani yake. Yeye nikampa lililokuja la kwanza. Nikasema huenda mtu akaingia.

"Nani?" akasema. "Nani anapita kule?"

Dereva akapiga honi. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya mapipa ya mawese yake. Binti zangu walikimbia na lori mpaka kwenye kona, yeye alibaki mlangoni ameshika kitambaa cha kichwa upepo usikichukue.

Kwangu nilikuta kila kitu kama nilivyokiacha. Nikatoa magunia moja moja, nikageuza sabuni. Mistari ilikuwa imenyooka, yote, hata ile niliyoiruka. Nikakata mche wa kwanza kwa waya, nikatoka nao nje kwenye mwanga, nikaugeuza huku na huku. Nikasema kwa sauti, "Njoo uone." Miombo ilikuwa imetulia kabisa. Nikarudi ndani nikakata iliyobaki.